Kidole Gumba Nje ya Kikombe

Ijumaa ya mwisho kabla ya mabomu, maziwa yalichelewa. Baiskeli inayoyaleta kutoka Nyakiriba ilipata pancha kwenye mteremko, na wanawake wanaovuka kwenda kuuza Goma walikuwa wamejaa dukani kwetu wakinung'unika. Kila mmoja alikuwa na beseni lake, la karoti, la vitunguu, la mayai, na kila mmoja alitaka kuvuka kabla foleni ya mpakani haijawa ndefu. Baba alikuwa akiwatuliza kwa chai ya rangi ya bure. Sukari ya chai hiyo niliibeba mimi kutoka sokoni, na alinipa kisogo makusudi ili asiione sura yangu.

Duka letu la maziwa liko Gisenyi, mtaa wa Mbugangari, kwenye njia ya kwenda mpaka mdogo, ule wa watembea kwa miguu. Lilikuwa na meza mbili, jiko la mkaa, sufuria kubwa mbili, na benchi refu la mkaratusi ambalo Baba alilichonga mwenyewe. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbilia huko, akarudi Rwanda mtu mzima, mimi nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Kiswahili chake kilibaki cha huko, ndiyo maana wanawake wa mpakani walimwita Mzee Karagwe. Mama alifariki nikiwa darasa la tano. Mimi ni Dativa, mtoto wake wa pekee, na duka hilo lilikuwa la watu wawili tu, yeye na mimi.

Baba hakumpa mtu kitu cha kunywa kabla hajakionja mwenyewe. Desturi hiyo ni ya zamani kwetu: mwenyeji anaonja kwanza ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Watu wa siku hizi wameiacha, au wanaifanya harusini kwa maonyesho. Lakini Gisenyi na Goma ni miji inayoogopa sumu kuliko inavyoogopa volkano. Kila mtu hapa anajua mtu aliyekunywa pombe kwa jirani akaanza kukohoa, akakonda, akafa. Wanasema mwenye nia mbaya huweka sumu chini ya ukucha wa kidole gumba, kisha anakukabidhi kikombe huku gumba limezama kidogo ndani, na mnaendelea kucheka. Kwa hiyo watu wa huku hawatazami uso wa anayewapa. Wanatazama gumba.

Baba alishika kikombe kwa chini, gumba likiwa nje kabisa, akanywa funda moja, akakigeuza ili mgeni anywee upande mwingine, akampa. Bwana afya alipokuja akamwambia ule ni uchafu, Baba alimsikiliza kwa adabu, akanunua kikombe chake cha bati. Tangu siku hiyo akawa anajimiminia kidogo kutoka birika lile lile, anakunywa mbele ya mteja, ndipo anammiminia mteja.

"Mzee Karagwe, we unamalizaka maziwa yote na kuonja!" walimtania. "Sisi tutakunywa nini?"

"Ningekuwa namaliza ningekuwa na kitambi, mama," alijibu, akijipigapiga tumbo lake lililobonyea.

Alikuwa hivyo kwa kila kitu. Mwanamke aliyechelewa kuvuka aliacha bidhaa zake kwenye kona ya duka, na kesho yake hakuna kitunguu kilichopungua. Mwavuli wetu uliazimwa siku ya mvua na mtu tusiyemjua, tukanunua mwingine, nao ukaazimwa. Nikimkemea alisema, "Tenda wema nenda zako, Dativa." Nami nilimjibu kwamba yeye hakuwa na pa kwenda, alikuwa amekaa palepale dukani akisubiri mwingine wa kumpa.

Niseme ukweli, kwa kuwa nimeamua kuusema. Ukarimu wa baba yangu ulikuwa na mikono, na mikono hiyo ilikuwa yangu. Yeye alitoa, mimi niliteka, nilichemsha, niliosha, nilibeba. Watu walimsifu wakiwa wamekaa kwenye benchi, na mimi niliwasikia nikiwa nimeinama kwenye moshi. Nilimpenda mno. Nilimchoka pia.

Baba alifariki siku ya kumi baada ya Ijumaa ile. Hakupigwa risasi, wala bomu halikumgusa. Katika hesabu za waliokufa kwa vita vile jina lake halimo. Mimi najua linapaswa kuwamo, na kwa muda mrefu nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua kwa nini.

Wiki nyingi kabla ya hapo tulisikia mizinga upande wa Sake, nje ya Goma. Mwanzo tulinyamaza kila iliposikika, baadaye tukaendelea kuosha vikombe. Vita vilikuwa vya ng'ambo. Kati yetu na ng'ambo kuna geti na bendera, na tulikuwa tumejifundisha kuamini kwamba bomu linajua geti liko wapi.

Jumapili walifunga mpaka. Dukani hakuja mtu. Baba alikaa kwenye benchi peke yake akitazama barabara tupu, mara kwa mara akisimama kukoroga maziwa yasiyo na mnywaji.

Jumatatu asubuhi nilikuwa napepea jiko.

Sikusikia mlio wa kwanza. Niliona tu maji yanatikisika ndani ya sufuria.

Wa pili niliusikia.

"Chini," Baba akasema. Hakupaza sauti.

Tulilala chini ya meza, uso kwenye sakafu. Niliona viatu vyake, kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani.

Bati la jirani likaruka. Nililiona likipita mlangoni likiwa limejikunja, kisha likaanguka barabarani.

Baadaye kukawa kimya. Kisha mtu akaanza kulia, mbali kidogo, kwa sauti ya kawaida kama anayeeleza jambo.

Jirani yetu, fundi cherehani aliyekuwa akitushonea mapazia, alikufa pale mezani pake. Mkewe alikuwa uani akianika nguo. Baba ndiye aliyeingia kumfunika. Alitumia kitambaa cha meza yetu, kile cha maua cha sikukuu, na ninakumbuka kwamba hata wakati ule niliwaza: na hicho nacho kimekwenda.

Mabomu yaliendelea mpaka mchana. Majirani wengi walibeba magodoro wakapanda kwenda Nyakiriba. Nilimwambia Baba twende. Akasema atakuja. Hakuja, nami nikabaki, maana ningewezaje kumwacha mzee wa miaka sabini na miwili na jiko asilojua kuliwasha?

Jioni hiyo maji ya bomba yalikatika. Mkaa nao ulikuwa unakwisha. Mkaa wetu mwingi hutoka ng'ambo, na mpaka ulikuwa umefungwa. Katika gunia mlikuwa na vipande vya kujaza mabakuli mawili, na vumbi.

Jumanne asubuhi ng'ambo kulikuwa kumetulia kidogo, na watu wa Goma wakaanza kuruhusiwa kuvuka. Askari waliwapekua, wahudumu wa afya wakawauliza maswali mawili matatu, kisha wakaachiwa barabara. Walipita mbele ya duka letu wakiwa wamebeba vitu visivyoeleweka: mlango wa kabati, kuku aliyekufa, saa ya ukutani. Vumbi lilikuwa limewakaa kwenye kope.

Baba alitoa benchi nje.

"Dativa," akasema, "hawa wana kiu."

Nilikuwa nimekwenda ziwani alfajiri na madumu mawili, la bluu na la njano. Maji ya Kivu yanaonekana masafi, na kila mtu hapa anajua kwamba hayanyweki hivyohivyo. Mkaa ulitosha dumu moja. Nilichemsha la bluu, nikalipeleka nje, na lile la njano nikalisukuma chini ya meza. Nilijiambia kwamba hilo litakuwa la kuoshea vyombo.

Baba alijaribu kutumia kikombe chake cha bati, kujimiminia na kunywa mbele yao. Hawakukubali. Walisimama mita mbili kutoka kwake wakilitazama dumu, na hakuna aliyesogea. Usiku kucha walikuwa wametupiwa mabomu. Asubuhi mzee wa upande mwingine wa mpaka anawaita wanywe maji.

Mwanamke mmoja alikuwa na binti wa miaka kumi na sita hivi, amemshika kiunoni. Macho ya binti yalikuwa yamezama na midomo imepasuka. Nilidhani ni njaa. Alilitazama dumu kwa namna ambayo sijaona mtu akitazama maji.

"Karibu mama, mpe mtoto anywe," Baba akasema.

"Hapana." Mwanamke alimvuta binti nyuma. "Batu banasema nyie munatiaka mutu sumu. Sumu iko mu kikombe, haiko mu bidon." Alilisonta dumu kwa kidevu.

Baba hakukasirika. Aliweka chini kikombe chake cha bati, akachukua kile cha wageni, akakijaza, akakishika kwa chini.

"Tazama kidole changu, mama. Kiko nje."

Akanywa funda moja.

"Tena," mwanamke akasema. "Mingi."

Akanywa nusu kikombe. Mwanamke alimtazama koo, kisha macho, kisha koo tena. Barabara nzima ilikuwa imesimama. Kisha akampa binti ishara ya kichwa, na binti akanywa kwa pupa mpaka maji yakamwagika shingoni. Akataka tena. Baba akajaza kikombe kilekile, akaonja, akampa. Mara tatu hivyo, kinywa cha mzee na kinywa cha binti kwenye kikombe kimoja. Nilitaka kumwambia akisuuze. Lakini maji ya kusuuzia yangetoka wapi?

Baada ya hapo walikuja wote. Kwa kila mmoja Baba alijaza, akaonja, akageuza, akatoa. Alikuwa akitoa maneno yale yale kwa kila mtu, "Pole na safari," kana kwamba walikuwa wametoka Kigali kwa basi. Ninapotaka kumkumbuka baba yangu vizuri, namkumbuka saa ile.

Dumu la bluu likaisha, na foleni ilikuwa imefika nyumbani kwa marehemu fundi. Mwanamke yule alikuwa bado hajanywa hata tone. Alikuwa amempa binti kwanza, akakaa pembeni kusubiri zamu yake.

"Dativa, leta maji!"

Nilisimama ndani mbele ya dumu la njano. Mkaa ulikuwa umekwisha. Mgongo uliniuma tangu ziwani. Nilisikia mlio mmoja upande wa uwanja wa ndege wa Goma, na mtu nje akapiga kelele, na kitu ndani yangu kikasema: mpe, wamalize, waondoke, tufunge mlango.

Nikalibeba.

"Yamechemka?" Baba aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, Baba."

Hiyo ndiyo sentensi. Nimeiandika sasa, na ni fupi kuliko nilivyodhani.

Alijaza kikombe, gumba nje. Mwanamke yule alikuwa amesimama mbele yake, mkono tayari umenyooshwa. Baba akanywa funda moja, akasita.

Maji yaliyochemshwa kwenye sufuria zetu yana ladha ya moshi na maziwa. Yale yalikuwa na ladha ya ziwa. Alijua papo hapo. Niliona shavu lake limejaa, na macho yake yakanigeukia, si kwa hasira.

Watu arobaini walikuwa wakitazama kinywa chake. Kama angetema, wangeona mzee wa Gisenyi ametema maji aliyotaka kuwapa. Wangekimbia na kuyasimulia njia nzima, na asingekunywa mtu tena kutoka mkono wa yeyote mtaani kwetu. Au wangetuvamia. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika dumu.

Akameza.

Kisha akatabasamu, akamwaga kilichobaki kwenye kikombe.

"Mnisamehe," akawaambia. "Haya ni ya kufulia. Nimechanganya madumu mimi, uzee huu. Subirini kidogo tuchemshe mengine."

"Mkaa umekwisha," nikasema.

Baba akaligeuza benchi miguu juu. Akaomba shoka kwa mjane wa fundi. Mkaratusi mkavu unawaka vizuri sana. Wanaume wawili kutoka kwenye foleni walimsaidia kupasua, na tulichemsha maji ya dumu lile la njano kwa kuni za benchi letu, yakachemka kweli kweli, na mwanamke yule akanywa yakiwa bado ya moto.

Jioni nilingoja aniseme. Nilifagia, nikafagia tena. Alikaa chini kwenye mkeka, akaangalia pale benchi lilipokuwa.

"Lilikuwa linayumba hata hivyo," akasema, akalala.

Alhamisi alianza kuhara. Alinificha hali hiyo. Alikuwa akienda chooni kimya kimya akirudi ameshika ukuta, na alinijibu kwamba ni maharage. Ijumaa hakuweza kuficha tena. Jumamosi nilimpeleka kituo cha afya kwa mkokoteni, na pale kulikuwa na majeruhi hadi uani. Tulipofika mlangoni alimruhusu mama mwenye mtoto atangulie, kisha kijana aliyefungwa bandeji kichwani, kisha mwingine. Nilimwambia, "Baba, na wewe ni mgonjwa." Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na ngozi ilibaki imesimama pale nilipoifinya. Siku hiyo nilimchukia kwa wema wake. Naandika hivyo bila kujitetea.

Daktari alipomfikia alisema ni kipindupindu, kimechelewa, na figo za mzee hazina nguvu. Akauliza swali analotakiwa kuuliza.

"Mzee, ulikunywa maji ambayo hayakuchemshwa?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Nilifungua mdomo.

"Hapana, daktari," Baba akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Unamwona binti yangu? Huyu anachemsha hata maji ya kufulia."

Daktari akaandika. Nikafunga mdomo. Baba alifunga macho kama mtu aliyemaliza kazi.

Alifariki Jumatatu, saa nne asubuhi, jua likiwa kali. Wanawake wa mpakani hawakuweza kuja wote kwa sababu mpaka haukuwa umetulia, lakini kaburini nilihesabu mabeseni kumi na saba yamewekwa chini kwenye majani, na wenye mabeseni wakiimba. Kila mmoja aliniambia, "Ihangane, vumilia. Mzee alikuwa na moyo." Niliwashukuru. Sikumwambia yeyote.

Nilifungua duka tena kwa sababu ya njaa. Nilinunua viti vya plastiki. Kuonja niliacha. Wateja wapya hawakujua, wa zamani hawakuuliza. Nilimimina, nikatoa, nikageuka. Kikombe cha bati cha Baba nilikitundika msumarini juu ya jiko, na moshi ukakifanya cheusi.

Katika mwaka wa pili, asubuhi moja ya soko, mwanamke aliingia na kikapu kichwani. Alikishusha polepole. Kilikuwa kimejaa mkaa.

"Mzee iko wapi?" akauliza.

Sikumtambua kwa sura. Nilimtambua kwa jinsi alivyotazama mikono yangu kabla ya kunitazama usoni.

"Mzee alifariki, mama. Wiki ile ile."

Alikaa kwenye kiti cha plastiki bila kukaribishwa. "Yooo," akasema, akafunika mdomo kwa kitenge. Aliniambia jina lake ni Mama Riziki, na Riziki ndiye binti yule, na kwamba yuko hai, anauza maharage Goma. Mkaa ule alikuwa ameuleta kwa Baba.

"Mi nilikuya juu ya ile kiti muliunguza," akasema. "Kila siku nafikiriaka ile kiti. Nikasema, siku moja nitabapelekea makala." Akagusa mkaa wa kikapuni. Kisha akauliza, "Alikufa na nini?"

Nikamwambia.

Hakulia. Alitazama sakafu, na nikaona kwamba jambo alilolijia si mkaa.

"Donc ni mi," akasema. "Ni mi nilimuua."

Sikumwelewa.

"Riziki alikuwa anaharisha tangu kule kambi ya wakimbizi. Siku tatu. Ku barrière, pale ku mpaka, banauliza, iko mugonjwa? Mi nasema hapana, ni njaa tu. Juu wangeturudisha, na kule bombes zilikuwa zinaanguka. Na Mzee alikunywa na yeye, kikombe moja. Niliona. Nilikuwa na kinywa, sikusema."

Nataka kueleza kilichonipata wakati ule, kwa sababu si kizuri. Nilipumua. Kitu kilichokuwa kimekaa kifuani zaidi ya mwaka mzima kikanyanyuka. Nilikumbuka macho yaliyozama, kiu ile, kikombe mara tatu, na hesabu ikakubali bila mimi. Ningeweza kumshika bega na kumwambia, "Mungu anajua, mama, hukukusudia," na kumwacha aondoke nacho. Ningeonekana mwema. Baba mwenyewe alikuwa amenisafisha mbele ya daktari. Nani angenidai zaidi?

Lakini alikuwa amekaa pale na mkaa wake.

"Mama Riziki," nikasema, "unalikumbuka dumu la njano?"

"Ile ya kufulia."

"Halikuwa la kufulia. Nilimwambia Baba yamechemka. Hayakuwa yamechemka. Mkaa ulikuwa umekwisha, nilikuwa nimechoka, nikamdanganya. Alionja, akajua, akameza ili ninyi msikimbie. Akasema kosa ni lake."

Nje baiskeli ya maziwa ilikuwa inateremka, nikaisikia breki.

"Mi niliona sura yake ilibadilika," akasema mwishowe. "Ile saa nilisema, ndiyo hii, ni sumu. Nikangoja aanguke. Sikutoa macho kwake. Kama angetema, mi ningekimbia na mutoto, na sijui kama mutoto angefika. Hakutema, hakuanguka. Ndiyo nikakunywa."

"Hakuanguka siku ile," nikasema.

"Hapana. Siku ile hapana."

Hatukuambiana poleni. Huenda alikufa kwa uongo wangu, huenda kwa ukimya wake, na huenda angepona kama asingewapisha wale watatu mlangoni pa kituo cha afya. Nimeyapima mambo haya mara nyingi, na kila mara mzani unakataa kutulia. Daktari hakuweza kujua. Mimi na Mama Riziki tumebaki na mzee mmoja aliyekufa na kila mmoja wetu anadhani ni wake.

Akaomba maziwa. Nilichemsha kwa mkaa wake, nikayaacha yafure na kutulia, nikajaza kikombe. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kumpa. Nikaurudisha. Nikakishika kwa chini, gumba nje, nikanywa funda moja mbele yake, nikakigeuza, nikampa.

Mama Riziki alikitazama. Akakigeuza tena, akanywea palepale niliponywea mimi.

Mkaa wa kikapu kile ulitosha siku nne. Tangu hapo nanunua mwenyewe, gunia zima, na jirani zangu wananicheka kwa moshi. Nachemsha hata maji ya kufulia.